Zimeni Spika, Watoto Waimbe

Stima ilipotea katikati ya ubeti wa pili. Ilikuwa asubuhi ya Krismasi, mwaka juzi, kanisa limejaa mpaka wengine wamekaa nje chini ya hema, na watoto wetu thelathini na wanane wamesimama mbele ya altare na fulana nyeupe na zile kofia nyekundu za Santa. Spika ikanyamaza. Watoto wakaendelea. Hatua mbili kulia, mbili kushoto, mikono juu, midomo ikifunguka na kufungika kama ya samaki aliyetolewa ziwani. Hakuna aliyekuwa anaimba. Katika wote thelathini na wanane, hata mmoja. Tulisikia viatu vyao kwenye sakafu, tukasikia mtoto mchanga akilia kule nyuma, basi.

Waumini walicheka, wakapiga makofi ya kutia moyo. Padre akatania kidogo, stima ikarudi, tukaanza wimbo upya. Mimi nilibaki nimeinama kando ya mashine ya sauti nikijifanya nakagua waya. Fleshi iliyokuwa imechomekwa pale ilikuwa yangu. Wimbo niliupakua mwenyewe kwa bando yangu mwenyewe. Kwa wiki sita, kila Jumamosi saa nane mchana, nilikuwa nimesimama mbele ya watoto hao nikiitwa mwalimu wa kwaya, na sikuwa nimewafundisha kuimba hata noti moja.

Kwa hivyo nikisema kwamba kila Desemba tunawaharibia watoto sauti na masikio, ujue simnyooshei mtu kidole nikiwa nimejificha nyuma ya pazia. Niko mstari wa mbele wa washtakiwa.

Kwetu jambo hili lina jina: kuimba na CD. CD zenyewe zilishakufa, siku hizi ni fleshi ama simu tu, lakini jina limebaki. Unatafuta wimbo wa Krismasi uliorekodiwa na watu wazima, wenye biti ya kuvutia, unauweka kwa spika, unawapanga watoto kwa urefu, unawafundisha densi. Sauti inatoka kwa spika, miili inatoka kwa watoto. Pita mtaani Jumamosi yoyote ya Novemba, kuanzia Kayole mpaka Kawangware, utasikia ninachosema. Na usidhani ni Wakatoliki peke yetu. Waanglikana wamo, PCEA wamo, na yale makanisa ya ghorofa ya kwanza juu ya duka la hadiwea yamo pia, tena yana spika kubwa kuliko zetu.

Shida ya kwanza ni ya mwili. Wimbo uliorekodiwa na watu wazima umewekwa pale sauti za watu wazima zinapofika. Mtoto wa miaka saba ana nyuzi za sauti fupi. Sauti yake nzuri iko juu, nyepesi, inaelea. Ukimwekea wimbo wa mwanaume aliyejaza kifua, ana njia mbili: ashuke kule chini ambako sauti yake haipo, abaki anakoroma, ama apige kelele ashindane na spika. Hiyo ya pili ndiyo tunayoisifu tukisema watoto ni wachangamfu. Shingo zimetoka mishipa, videvu viko juu, na Jumapili jioni mama anapika tangawizi na ndimu kwa sababu koo imekauka. Jumamosi inayofuata sisi tunawaambia nini? Ongezeni sauti!

Kuna njia ya tatu, ya watoto werevu: kufungua mdomo tu. Wangu walichagua hiyo, na siwalaumu.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, ingawa haionekani. Kuimba huanza kwa kusikia. Mtoto husikia sauti ya aliye kando yake, akaisogelea, akaikosa kidogo, akaisogelea tena, mpaka siku moja zikakutana na akahisi ndani ya kichwa chake kitu kama mlango umefunguka. Hakuna mahubiri yanayoweza kumpa mtoto kitu hicho. Sasa weka spika ya wati mia tano katikati yao. Nani atamsikia nani? Mtoto anaweza kukaa kwenye kwaya ya namna hiyo miaka mitano na asijue sauti yake mwenyewe ikoje. Wapo. Niko na wengine ambao sasa wako fomu tu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba uharibifu huu tunaufanya kwa kutumia nyimbo bora kuliko zote. Katika mwaka mzima wa kanisa hakuna muziki unaomfaa mtoto anayejifunza kuimba kama wa Majilio na Krismasi. Nimeutafuta kwingine sijauona. Nyimbo za Kwaresma ni nzito. Za Pasaka zinahitaji pumzi ambayo mtoto bado hana. Za Majilio na Krismasi ni kama zilipangwa na mwalimu mwenye subira.

Chukua "Joy to the World", ambayo hata mtu asiyeenda kanisani anaijua. Mstari wake wa kwanza wa muziki ni nini? Ni ngazi. Unaanza do ya juu, unashuka ti, la, so, fa, mi, re, unatua do ya chini. Noti zote nane, bila kuruka hata moja. (Maneno aliyaandika Isaac Watts, yakachapishwa 1719, naye alikuwa anafasiri Zaburi ya 98, si kisa cha hori la ng'ombe. Lakini hiyo ni kesi nyingine.) Mtoto akishika mstari huo mmoja ana ngazi nzima mkononi. Mwambie sasa apande alikoshukia. Mwambie asimame kwa so. Mwambie aruke mi. Umeshaanza kumfundisha muziki na yeye anadhani mnacheza.

Ama ile Noeli ya Kifaransa ambayo kiitikio chake ni cha Kilatini, ile ya malaika. Neno Gloria pale linavutwa kwa vokali moja, o, na sauti inashuka kama mtu anayeteremka ngazi za ploti: umbo lile lile linarudiwa, kila mara hatua moja chini. Ni somo la pumzi kuliko jingine lolote ninalojua. Mara ya kwanza watoto wanaishiwa na hewa nusu ya njia na wanacheka. Usiwakemee. Waambie walale chali sakafuni, kila mmoja aweke kitabu juu ya tumbo, kitabu kipande na kushuka. Wiki ya tatu wanafika mwisho wa neno na bado wana hewa ya kukuuliza kama wanaweza kwenda kucheza.

"Silent Night" nayo imetudanganya wengi. Kila mtu anadhani ni rahisi kwa sababu ni ya polepole. Si rahisi. Kutoka noti yake ya chini kabisa hadi ya juu kabisa ni oktavu moja na zaidi: do ya chini mpaka fa ya juu. Ukiianza chini sana, wadogo wanazama mwishoni. Ukiianza juu sana, pale karibu na kilele wanapiga mayowe na usiku mtakatifu unakuwa usiku wa wezi. Mwalimu lazima ajue pa kuanzia, na hao wadogo uwafundishe kupaa bila kusukuma. Wimbo huo uliimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi wa 1818 katika kijiji cha Oberndorf, Austria. Walikuwa wanaume wawili, Joseph Mohr aliyeandika maneno na Franz Gruber aliyetunga muziki, pamoja na gitaa moja. Kwaya iliwaitikia mwisho wa beti. Stima ingepotea usiku ule nani angejua?

Halafu kuna ule wimbo mkuu wa Majilio, wa kumwita Emanueli. Huo hauanzii do, unaanzia la, na mtoto anausikia tofauti hiyo hata kabla hujamweleza. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa la tatu aliniambia, "Mwalimu, huu ni kama mtu anangoja basi na giza linaingia." Nimesoma mengi kuhusu Majilio na sijakutana na maelezo bora. Maneno yake yanatokana na antifona za kale zinazoimbwa kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba. Tuni yenyewe asili yake haikujulikana kwa muda mrefu, mpaka 1966 mtawa na mwanamuziki Mary Berry alipoikuta Paris katika hati ya karne ya 15, kitabu kidogo cha maandamano ya mazishi. Yaani watu walitembea na jeneza wakiimba tuni hiyo, na baadaye ikawa ya kumngoja mtoto. Nikiwaambia watoto hivyo wananyamaza. Wanapenda sana mambo ya mazishi, watoto. Sisi ndio tunawaficha.

Na hapo mazishi yamenikumbusha shosho yangu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, mkoloni bado yupo. Kitabu chake cha nyimbo kilikuwa na zile herufi za solfa, d, r, m, zenye vistari na nukta, na alikuwa anazisoma kama mimi ninavyosoma ujumbe wa M-Pesa. Desemba tulipofika ushago alikuwa anaimba alto jikoni, peke yake, sauti ya pili isiyo na ya kwanza, na mimi nikadhani amekosea wimbo. Tulipomzika, wenzake wanane ama tisa, wazee kama yeye, walisimama kando ya kaburi na kuimba sauti nne, bila kitabu, bila maiki. Sisi wajukuu tulikuwa tumekodi spika na jenereta. Wimbo wao ulipokwisha, mmoja wetu akabonyeza simu, na msanii wa gospel akamlilia shosho yetu kwa niaba yetu. Tulisimama tukiwa tumekunja mikono. Kati ya wajukuu zaidi ya ishirini, hakuna aliyeweza kuanzisha wimbo.

Hilo ndilo ninaloliogopa. Sahau shoo za Krismasi. Tunalea watu ambao siku ya harusi na siku ya kilio watahitaji kukodi mtu wa kuwaimbia.

Tena hiyo solfa, ambayo walimu wengi wa kwaya wanaificha kama siri ya watu wazima, "watoto hawawezi, ni ngumu", ilibuniwa kwa ajili ya nani? Watoto! Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, aliitengeneza mwanzoni mwa karne ya 19 ili watoto aliowafundisha waweze kuimba kwa kusoma. Mwaka 1841 mchungaji aitwaye John Curwen alipewa kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha kuimba katika shule za Jumapili, akachukua kazi ya Glover, akaiboresha, ikaenea na wamishonari mpaka ikafika kwa shosho yangu. Zana ya watoto wa sande skuli. Sisi tumeipandisha kabatini na kuwapa watoto fleshi.

Wengine hulaumu shule, na wana haki kidogo. Muziki ulipotoka kwenye mtihani wa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulitoka pia vichwani mwa walimu wakuu. Mtaala mpya umeurudisha ndani ya kapu la sanaa, tutaona. Lakini kanisa halikuwa na KCPE. Kanisa lilikuwa na watoto bure kila Jumapili, vitabu vya nyimbo, na mwezi mzima wa likizo. Halina kisingizio.

Tena hata sheria iko upande wangu. Ule mwongozo wa jumla wa Misale ya Kirumi, kifungu cha 313, unasema wakati wa Majilio kinanda na vyombo vingine vitumike kwa kiasi, kulingana na hali ya kipindi chenyewe, bila kuitangulia furaha kamili ya Noeli. Jumapili za Majilio hatuimbi hata Utukufu, tunauweka akiba mpaka usiku wa Krismasi. Sasa soma kifungu hicho kama mwalimu wa watoto. Kanisa limekupa Jumapili nne ambazo spika inatakiwa kushushwa. Limekupa ukimya. Unautumia kufanyia mazoezi ya densi!

Kuna jambo jingine la kalenda ambalo kila mwalimu wa kwaya ya watoto Nairobi analijua na hakuna anayelisema. Watoto hawapo Krismasi. Shule zikifungwa, wapo mtaani, hawana kazi, wazazi wako kazini, wanatafuta mahali pa kwenda. Lakini kuanzia tarehe 18 hivi mabasi yanaanza kujaa, nauli inapanda, na nusu ya kwaya yako inaondoka kwenda ushago. Sauti zako bora zinaimbia ng'ombe Kakamega na Machakos wakati wewe unajaza mapengo na watoto wa majirani ambao hawajawahi kuja mazoezi. Ndiyo maana tunakimbilia CD: haijali nani amesafiri. Mimi nasema tufanye kinyume. Jumapili za Majilio ndizo siku ambazo watoto wapo. Wape Jumapili hizo. Waimbe wimbo mmoja, mzuri, wa polepole, mshumaa wa wiki hiyo ukiwashwa kwenye shada. Tarehe 18 ikifika, waende nao ushago vichwani. Huko wakaimbe jikoni, na pengine mtu atawaitikia alto.

Najua kuna msomaji amenisubiri kwa hamu aniulize: mbona nyimbo za wazungu? Theluji gani, Austria gani, sisi tuko Dandora na jua hili la Desemba? Swali zuri, na nusu ya jibu nakubaliana nawe. Supermaketi zikianza kucheza Boney M na Jim Reeves mapema Novemba hata mimi natamani kurudisha mkokoteni na kwenda sokoni. "Jingle Bells" kwa mfano, iliyotoka 1857, haitaji Krismasi popote. Ni wimbo wa vijana kwenye gari la kuvutwa na farasi katika theluji. Sijawahi kuifundisha na sitaifundisha.

Na kuna kosa la kitaalamu ambalo wakosoaji wa ukoloni wangelitumia kama wangekuwa wanaimba. Neno la Kiswahili lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Ulaya zinataka mstari utue kwa nguvu kwenye silabi ya mwisho kabisa. Ukibandika tafsiri juu yake bila uangalifu, unapata watoto wanaoimba mtoTO na BwaNA, na masikio yao yanazoea Kiswahili kilichovunjika shingo. Mimi huwafanya waseme maneno kwanza, kama wanaongea na mama zao, kabla ya kugusa tuni. Tafsiri ikikataa kusemeka, tunaiacha na kutafuta nyingine. Hazikosekani. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965, ufungue mlango kwa lugha zetu, watunzi wa hapa na wa Tanzania wametunga nyimbo za Majilio na Noeli zilizozaliwa ndani ya Kiswahili, mkazo uko mahali pake, na zipo hata kwenye Tumshangilie Bwana unayokalia kanisani. Wape watoto hizo. Wape pia ule wa Emanueli. Wape lolote lililo zuri. Mtoto wa Dandora ana haki ya kurithi uzuri wa dunia nzima bila kuomba ruhusa kwa mtu, na sidhani mtu anayemnyima noti nane za ngazi amemkomboa kutoka kwa yeyote.

Tena Kiswahili kinampa mtoto wetu zawadi ambayo wenzake wa lugha nyingine wanahangaika miaka kuipata. Vokali tano safi, na karibu kila silabi inaishia kwa vokali. Mdomo wake tayari umezoea umbo la kuimba. Anakuja amekamilika, sisi tunampa maiki.

Wale wanaosema nyimbo za polepole za watoto hazina uzito, nawakumbusha tu kwamba wimbo wa taifa tunaousimamia kila sherehe ulitokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo. Mwaka 1963 jopo lililoketi kutafuta tuni ya nchi halikwenda kutafuta biti. Lilichukua sauti ya mama aliyekuwa anamlaza mwanawe kule mto Tana.

Kuna jambo nimelizungukazunguka, wacha nilitoe. Nikiwa na miaka tisa, siku chache kabla ya mashindano ya muziki ya shule, mwalimu alipita kati yetu akiinamisha sikio kwa kila mmoja. Alipofika kwangu akasimama. Akasema, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Nilifungua mdomo. Tulishinda, tukapewa soda. Sikuimba tena mbele ya mtu mpaka nilipokuwa na miaka ishirini na mbili. Misa zote hizo, birthday zote, wimbo wa taifa kila Jumatatu na Ijumaa gwaride, nilikuwa nafungua mdomo. Mwaka juzi, stima ilipopotea, nilitazama midomo ile thelathini na minane nikajua nimefanya kwa watoto wote alichonifanyia yule mwalimu. Yeye angalau alichagua mmoja.

"Huna sauti" ni uongo. Mtoto anayeimba noti moja kama mota ya posho mill, hapandi wala hashuki, kwa kawaida hajaipata tu ile sauti ya juu, anaongea kwa tuni. Mwaka jana nilikuwa na kijana wa miaka minane wa namna hiyo. Kila wimbo ulikuwa noti moja kwake. Wenzake wakaanza kumcheka. Nikafanya nilichosoma: badala ya kumwambia anifuate, nikamfuata yeye. Nikaimba noti yake. Akashangaa kusikia sauti mbili zimekuwa moja. Tukapanda pamoja kidogo, akaanguka, tukarudi. Halafu nikamwambia aige king'ora cha ambulansi. King'ora alikijua vizuri, na kilipanda mpaka juu kabisa, chepesi, safi. Nikamwambia, hapo! Hiyo ndiyo sauti yako. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ana mkono wa tatu. Jumapili ya tatu ya Majilio, ule mshumaa wa waridi ukiwaka, alikuwa anakosa noti kama tatu tu katika ubeti mzima. Mama yake hakujua ni yeye anayemsikia.

Sitaki udhani mwaka jana ulikuwa ushindi. Tulianza bila spika tukiwa na watoto thelathini na moja, tukabaki kumi na tisa, kwa sababu wengine walienda kanisa la jirani ambako kuna densi na soda. Jumapili ya kwanza tuliimba vibaya. Tulianza juu mno, nikalazimika kusimamisha na kuanza upya mbele ya watu wote. Mzee mmoja wa baraza aliniuliza kama watoto ni wagonjwa, mbona wanaimba taratibu hivyo. Walio nyuma hawakusikia vizuri, na walilalamika, na walikuwa na haki. Watoto kumi na tisa wanaoimba kwa sauti zao hawajazi kanisa la watu mia sita. Watu walilazimika kunyamaza ili wasikie. Ilichukua Jumapili tatu kunyamaza.

Mwaka huu kamati imekaa. Nimepewa habari kwamba spika mpya mbili zimenunuliwa, kwamba kipindi cha watoto siku ya Krismasi kiwe kichangamfu, na kwamba Majilio "tusiyachoshe". Nimepewa dakika nne tarehe 25, na orodha ya nyimbo tatu za kupakua. Nimejibu kwamba nitazichukua dakika nne, za Jumapili zile nne za kabla yake, na tarehe 25 wanaweza kumpa mwingine, maana kufikia hapo wengi wa watoto wangu watakuwa ushago. Bado sijajibiwa.

Mazoezi yanaanza Jumamosi hii, saa nane, ukumbi mdogo, ule usio na soketi. Nimewaambia wazazi watoto waje na maji ya kunywa na kitabu kimoja cha kuweka juu ya tumbo, cha hesabu pia ni sawa. Ile fleshi nimempa binti wa jirani aweke kazi zake za shule.